Uzito wa Kisu cha Mama

Katika miaka ya vita mimi na mama tuligombana juu ya mambo mengi, lakini ugomvi uliodumu kuliko yote ulikuwa juu ya visu viwili vya kukunja. Kimoja kilikuwa cha chuma mwili mzima. Kingine kilikuwa na mpini wa plastiki ya manjano. Cha chuma kilikuwa chake. Cha plastiki nilikinunua mimi, nikidhani nimemwokoa mtu. Mwezi mzima kikakaa dirishani karibu na kopo la chumvi, na kila nilipokitoa mama alikiangalia kama nimemletea kijiko cha uji.

Kazi yetu ilikuwa kupasua samaki. Tulikaa Songo, mtaa wa mlimani hapa Uvira, na kila asubuhi tulishuka mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaporudi, kusubiri mukeke. Samaki huyo hana subira. Akitoka majini lazima apasuliwe mgongo, atolewe matumbo, afunguliwe kama daftari na kutandazwa juani kabla nzi hawajapata habari. Kila mpasuaji alikuwa na jiwe lake bapa pale mchangani, na jiwe ndilo lilikuwa kazi yenyewe. Mkubwa wa mitumbwi alipita na karai, akamwaga samaki mbele ya kila jiwe lenye mtu na kisu kilicho wazi. Aliyechana nyama ovyo siku moja alisamehewa. Akirudia, jiwe lake alilikalia mwingine, kwa sababu samaki aliyechanika hakauki vizuri na sokoni hakuna anayemtaka.

Tulilipwa samaki. Wengine tuliwala, wengine tuliwabadilisha kwa unga na mawese. Barabara za tambarare ya Ruzizi zilipofungwa, na zilifungwa mara nyingi, watu wenye mashamba walikaa wakiyatazama kwa mbali. Sisi hatukuwa hata na shamba la kutazama. Tulikuwa na jiwe la mama, basi. Mimi mwenyewe sikuwa na jiwe. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu mwenye maneno mengi, ninayeosha na kutandaza.

Kisu cha chuma tuliachiwa na marehemu baba. Alikipata kwa mfugaji wa Rurambo aliyeteremka na ng'ombe wake, wakabadilishana kwa kifuko cha ndagala, dagaa wetu wa ziwani. Baba alipenda kusimulia kwamba mfugaji yule alitokwa machozi akikiacha. Mama alisema machozi yalikuwa ya baba, alipokumbuka ndagala wake.

Nilikuwa nimeyahesabu maovu ya kisu hicho. Asubuhi kilikuwa cha baridi hadi mifupani. Saa tano, kikisahauliwa juani, kiliunguza kiganja. Utelezi wa samaki uliingia kati ya vile vyuma viwili vilivyobana ubapa, kikaanza kulia kama mlango wa zamani, mpaka mama akidondoshee mawese. Kutu yake ilimwachia mstari mweusi kiganjani, nao haukutoka hata Jumapili wakati wa kupokea komunyo. Lakini kilichonikera zaidi ni uzito. Nilikuwa nimeanza kumwona mama akirudi nyumbani anajikanda mkono wa kulia, kutoka kwenye kifundo mpaka kwenye kiwiko, akidhani simwoni. Nikajiambia ni hicho chuma, hakuna kingine.

Basi nikapata kile cha plastiki sokoni, katikati ya bidhaa zilizovuka kutoka Bujumbura. Kilikuwa na ubapa mwembamba mkali, mpini wenye mikato ya kuzuia mkono usiteleze, na wepesi wa kushangaza. Ukikitia mfukoni unakisahau. Nikakibeba hadi nyumbani kwa furaha ya mtu aliyefumbua fumbo.

Mama alikiweka kwenye mkono wa kulia, cha chuma kwenye mkono wa kushoto, akavipandisha na kuvishusha, kisha akavibadilisha mikono.

"Hii haiko kisu," alisema. "Hii iko kitu ya kukata sabuni."

"Mama, jaribu kwanza. Iko nyepesi, mukono haitakuuma."

"Nani alikuambia mukono inaniuma?"

Nilipaswa kulisikia jibu lile vizuri. Sikulisikia, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza kutafuta hoja ya pili.

Hoja ya pili niliipata kesho yake mwaloni. Kulikuwa na mizani ya kuning'iniza, ile yenye ndoana, ya kupimia samaki. Nikakifunga kisu cha chuma kwa uzi, nikakitundika, na mshale ukasogea. Nikatundika cha plastiki, mshale ukabaki ulipokuwa. Nikawaita wanawake wote waje washuhudie. Nilidhani nimeshinda kesi.

Mama hakuinua hata kichwa. "Kitu yenye mizani haioni," alisema, "mukono itaionaje?"

Walicheka wote, na aliyecheka kuliko wote ni mwanamke wa jiwe la kushoto kwa mama. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya kuita mitumbwi ikiwa bado katikati ya ziwa. Nilimchukia kidogo, naomba nisamehewe. Alikuwa na mkaza mwana asiye na kazi, nami nilikuwa na hakika kwamba analitolea macho jiwe la mama kwa ajili yake. Kila mara nilimkuta anautazama mkono wa mama unavyofanya kazi. Nikasema moyoni, huyu anasubiri.

Ugomvi ukaendelea. Nilimwambia mama kwamba plastiki haishiki kutu. Akajibu kwamba inashika harufu, na hilo lilikuwa kweli. Nilimwambia kwamba siku ya kukimbia, mtu anatakiwa awe na mzigo mwepesi. Tulikuwa tumeshakimbia mara mbili, mara ya pili tukalala wiki nzima kwa watu upande wa Makobola, kwa hiyo niliona hoja hiyo ni nzito.

"Siku ya kukimbia tunabeba sufuria," mama alisema. "Na sufuria haiko ya plastiki."

Akaniambia pia kwamba kisu kizito kinajikata chenyewe, mkono unakiongoza tu. Alisema jambo hilo mara nyingi sana, hata nikaanza kuliona kama wimbo wake.

Kisha ikaja bariyeri. Askari waliweka mti njiani kati ya mwalo na Songo, wakatangaza kwamba hawataki kuona kisu cha aina yoyote kinapita. Asubuhi tulipokuwa tunateremka walikuwa bado wanaota moto, hawakujali. Saa sita tulipokuwa tunapanda ndipo walipopekua makarai na kupapasa vitenge. Kuacha visu mwaloni hakukuwezekana, maana kibanda cha pale kilikuwa kimeshavunjwa na wezi, wakachukua hadi kufuli. Siku ya kwanza wapasuaji wawili walinyang'anywa visu vyao vya jikoni.

Mimi nilijaribu kile cha plastiki. Nilikiweka kiganjani wazi, nikamwonyesha askari kabla hajauliza. Alikuwa kijana mrefu kutoka magharibi kabisa, sehemu za misitu, aliyesema Kiswahili kwa taabu. Alikikunjua, akakikunja, akakipima hewani, akacheka.

"Hii iende," alisema. "Hii iko ya kuchezea."

Nilipanda mlima nikiimba. Nilimweleza mama kwamba mjadala umefungwa: chuma kitatuletea matata, plastiki inapita mchana kweupe.

"Unaona?" mama alijibu. "Ata askari haiogope."

Kwa siku chache alikivusha kisu cha baba kwa njia anazozijua mwenyewe: chini ya majani ya muhogo, ndani ya kilemba, mara moja ndani ya mkate. Mimi nilitembea nyuma yake. Halafu siku moja mkubwa wa mitumbwi akamlipa mama sangala mmoja mkubwa, mrefu kama mkono wangu hadi kwenye kiwiko, na mama akapata wazo.

Wazo lenyewe lilikuwa la mtu wa ufukweni kabisa. Kwetu hakuna anayemgusa samaki mzima aliyefunguliwa tumbo nyuma ya mgongo wa mnunuzi. Samaki wa namna hiyo anaficha siku zake. Mtoto wa Uvira akitumwa sokoni anajua hivyo kabla hajajua kusoma. Askari wa bariyeri walikuwa wakichukua samaki mmoja kwa kila karai, hiyo ilikuwa desturi yao, na mama akapiga hesabu zake: nikimpasua sangala tumbo, nikatia kisu humo ndani, wataona amefunguliwa, watamwacha, watachukua mukeke mzima. Mukeke wenyewe ana tumbo jembamba, kisu cha chuma kisingeingia. Sangala akakimeza bila shida, mama akamfunga tumbo kwa unyuzi wa mgomba.

"Kama ni ile ya plastiki ingeingia mu mukeke," nilisema, maana nisingeweza kunyamaza.

"Nyamaza, tembea."

Yule kijana mrefu ndiye aliyekuwa zamu. Alitazama karai letu. Mukeke wanne wazima walilala juu, wanang'aa, macho yao safi, samaki wa kumpelekea mkwe. Akawasogeza kando kwa kidole, akamshika sangala, akamgeuza, akaona tumbo lilivyopasuliwa. Uso wake ukafunguka.

"Hii mumeisha kuisafisha," alisema. "Aksanti, mama. Kwetu samaki inakuja kavu tu. Kusafisha siyajui."

Mama alimjibu, "Karibu, shefu," kwa sauti ile ile anayowasalimia masista. Tukaondoka. Hatukugeuka nyuma. Nilihesabu nyayo zangu hadi tulipoingia Songo, nikingoja kuitwa, na nilipofunga mlango wa nyumba nilianza kucheka, nikacheka hadi nikakaa chini. Mama wangu, mjuzi wa samaki wote wa ziwa hili, alikuwa amemwandalia askari chakula na kumtilia kisu juu yake.

Mama hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, mikono imebanwa katikati ya magoti. Nikadhani anamlilia baba. Nikamwambia taratibu kwamba baba angecheka, na kwamba kesho tuna kisu kingine tayari, chepesi, na ataona. Akasema, "Najua." Akaenda kulala bila kula.

Kesho yake alilikalia jiwe lake na kile kisu cha manjano. Mimi, nisifiche, nilikuwa na furaha. Niliona jinsi kilivyokunjuka kwa kidole kimoja, bila mlio. Mkubwa wa mitumbwi akamwaga karai la kwanza. Mama akamshika mukeke, akaweka ncha nyuma ya kichwa, akaanza kushuka na uti wa mgongo.

Ncha ikatoka nje ya mstari. Akairudisha, ikatoka tena. Nilidhani anateleza, nikasogea kumwoshea jiwe, na hapo nikauona mkono wake. Ulikuwa unatetemeka. Haukutetemeka kwa baridi, wala kwa hofu. Ulitetemeka wenyewe kwa wenyewe, mfululizo, na kile kisu cha manjano kikicheza juu yake kama jani. Samaki wa kwanza alichanika. Wa pili akachanika vibaya zaidi. Mkubwa wa mitumbwi akasimama na karai lake, akatazama nyama iliyokatwakatwa, akatazama mkono.

Nikaelewa kila kitu kwa mara moja, na aibu ilinipanda hadi masikioni. Chuma hakikuwa kinauchosha mkono wa mama. Kilikuwa kinaushika. Uzito wake ndio uliokuwa umeutuliza siku zote hizo, naye akawa anajikanda jioni kwa kazi ya kuubana mchana kutwa usionekane. Nami, kwa mapenzi yangu yote na mizani yangu ya ndoana, nilikuwa nimetaka kumvua mbele ya watu.

Mwanamke wa jiwe la kushoto aliweka kisu chake chini. Nikajua ndiyo hii saa aliyokuwa akiisubiri, nikakaza meno. Akainuka, akaenda kwenye wavu mkuukuu uliotupwa pale karibu, akakata vipande vitatu vya plombu, vile vizito vinavyofungwa chini ya wavu ili uzame. Akarudi, akamfungua mama vidole kimoja kimoja, akachukua kisu. Alipanga plombu zile kwenye mpini wa plastiki, akafungua utepe wa mpira wa baiskeli uliokuwa umeshikilia ufa wa karai lake mwenyewe, akauzungusha na kuukaza kwa meno.

"Ile mukono inapenda kitu nzito," alisema, akimrudishia. "Plastiki haiko mubaya. Inakosa tu kitu ya kuituliza."

Nikamwuliza tangu lini anajua.

"Tangu mvua ya mwaka ule mwingine. Sisi wote hapa tunajua. Unafikiri nani anamutupiaka mama yako zile samaki zenye ziko ngumu, zenye hazichanike?"

Niliwatazama wengine. Kila mmoja alikuwa ameinamia samaki wake kwa bidii ya ghafla. Mkubwa wa mitumbwi naye alikuwa amepata kitu cha kuangalia ziwani. Ndipo akainua karai, akammwagia mama samaki wengine kama kawaida, akapita kwenye jiwe linalofuata. Mama alipasua. Mstari haukunyooka kama zamani, lakini ulishuka hadi mkiani.

Saa sita tulifika bariyeri. Kijana mrefu alikuwa amekaa juu ya mti wao, anamenya muwa kwa kisu cha baba. Alimwona mama, akasimama.

"Mama, ile samaki ya jana," alisema, "ilikuwa na kisu mu tumbo."

Mama alishusha karai polepole. Akakitazama kisu kile, upande huu na upande ule, kwa mshangao ambao ulinitia hofu kwa jinsi ulivyokuwa mzuri.

"Sangala inamezaka kila kitu, shefu," alisema. "Mwaka mwingine tulipataka saa."

Askari akatikisa kichwa kwa muda mrefu. "Ziwa yenu hii," alisema, na akarudi kwenye muwa wake. Kile kisu chetu chenye plombu alikiona kiganjani mwangu, akakiruhusu bila kukigusa, labda akidhani ni dawa.

Tulipofika mbali tukacheka wote wawili, mama akizishikilia mbavu zake kwa mkono wenye samaki. Nikamwambia tungeweza kukiomba kisu cha baba. Yule kijana alikuwa na roho nzuri, tungebuni hadithi. Mama akasema acha amenye muwa wake, bariyeri ndiyo njia yetu ya kila siku, na njia ni kubwa kuliko kisu.

Jioni hiyo alikaa uani anawapasua wale samaki tuliobaki nao. Nilikaa mbele yake. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, lakini kilichotoka kilikuwa na hasira ndani yake. Tulilala chumba kimoja, tulikula sahani moja. Wanawake wote wa mwaloni walijua, mpaka mkubwa wa mitumbwi alijua, na mimi nilikuwa nampigia kelele za plastiki na mizani.

"Kwa nini haukuniambia minye?"

Mama aliendelea kukata. Plombu ziligongana kidogo chini ya mpira.

"Bale ba mwaloni bangenihurumia, na bado ningeenda kazi," alisema. "Weye ungenihurumia, na ungenikataza."

Nilifungua mdomo kukana. Nilikuwa tayari nimepanga, tangu asubuhi, jinsi nitakavyomwambia kwamba kesho abaki nyumbani. Nilikuwa hata nimechagua maneno. Nikaufunga mdomo, nikanyoosha mkono, nikamshikilia mukeke kichwani asiteleze, na mama akapitisha kisu.